Namba ya Zebaki Forodhani: Jinsi ya Kuainisha Kampaundi Zake kwa Usahihi

Mwongozo huu ni wako ikiwa unaagiza kemikali za maabara, unanunua malighafi za dawa, unasimamia stoo ya chuo au hospitali, au ni wakala wa forodha uliyeletewa ankara yenye jina la kemikali usilolifahamu. Unafuata Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, toleo la 2022, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2022. Tarakimu sita za mwanzo za kila namba utakayoisoma humu zinatoka kwenye mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, kwa hiyo zinafanana Dar es Salaam, Mombasa, Muscat na Rotterdam. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautiana kati ya nchi na nchi.

Kwa nini namba hii ina uzito

Mwaka 1971 Iraq iliagiza kutoka nje shehena kubwa ya mbegu za nafaka zilizopakwa dawa ya kuua kuvu yenye zebaki. Maonyo kwenye magunia yaliandikwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo wakulima wa vijijini hawakuzisoma. Wengi walisaga mbegu zile wakaoka mikate. Zaidi ya watu 6,000 walilazwa hospitalini na zaidi ya 400 kati yao wakafa. Sumu ilivuka mipaka, lakini taarifa zake hazikuwafikia waliokuwa wakiila.

Namba ya HS ni taarifa inayosafiri pamoja na mzigo na kusomeka na ofisa wa bandari yoyote, awe anajua Kiswahili, Kiarabu au Kichina. Hadi mwaka 2006, kampaundi za zebaki zilitawanyika ndani ya mfumo huo: kloridi yake ilikaa na kloridi nyingine, oksidi na oksidi nyingine, na zile za kikaboni zilijificha chini ya 2931. Kwa tarakimu hizo sita pekee, hakuna nchi iliyoweza kutazama takwimu zake za forodha na kujua ni kilo ngapi zimeingia. Mwaka 2007 zilikusanywa mahali pamoja, chini ya 2852, na mwaka 2012 namba hiyo ikagawanywa sehemu mbili.

Ndiyo maana usipime umuhimu wa namba hii kwa ushuru wake. Kemikali nyingi za Sura ya 28 hutozwa ushuru mdogo au asilimia 0, na hapo ndipo watu hulegea: "Hata nikikosea, serikali haipotezi kitu." Kinachopotea ni uwezo wa kujua sumu imeingia wapi, kiasi gani, na mikononi mwa nani. Namba ikikosewa, mzigo unaweza kupita bila kibali uliotakiwa kuwa nacho, na wewe ukabaki na kosa la kutoa tamko lisilo sahihi. Chini ya kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3 au faini ya dola 10,000 za Marekani.

> KABLA HUJAANZA: kusanya hivi mezani
> - Ankara yenye jina kamili la kila bidhaa, si "kemikali za maabara" tu
> - Karatasi ya taarifa za usalama (SDS) ya kila bidhaa, iliyotolewa na mtengenezaji mwenyewe
> - Cheti cha uchambuzi kinachoonyesha usafi wa kemikali kwa asilimia
> - Namba ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho, ya kila kemikali
> - Orodha ya vifungashio: aina ya chombo, ujazo, uzito halisi na uzito pamoja na kifungashio
> - Maelezo ya matumizi kutoka kwa mnunuzi, kwa maandishi
>
> Ukikosa SDS, usiendelee. Muuzaji anayeshindwa kuitoa hajakupa sababu ya kumwamini katika mengine.

Hatua ya 1: Jua kilichomo ndani ya chombo

Uliza kwanza: je, hii ni metali ya zebaki, ni kampaundi ya zebaki, ni amalgamu, ni mchanganyiko uliotengenezwa kwa kazi fulani, au ni kifaa chenye zebaki ndani yake? Jibu la swali hili huamua karibu kila kitu kinachofuata.

Fungua SDS sehemu ya 3, inayoorodhesha viambato, kisha sehemu ya 9, inayoeleza umbile, na sehemu ya 14, yenye namba ya UN ya usafirishaji. Linganisha na kemikali hizi unazoweza kukutana nazo mara nyingi:

| Kemikali | CAS | UN |
|---|---|---|
| Zebaki, metali | 7439-97-6 | 2809 |
| Kloridi ya zebaki (II), HgCl2 | 7487-94-7 | 1624 |
| Oksidi ya zebaki (II), HgO | 21908-53-2 | 1641 |
| Salfeti ya zebaki (II), HgSO4 | 7783-35-9 | 1645 |
| Naitreti ya zebaki (II) | 10045-94-0 | 1625 |
| Thiomesali | 54-64-8 | 2025 |

Ikiwa namba ya CAS kwenye ankara na ile iliyo kwenye SDS hazifanani, simama hapo. Mwandikie muuzaji akusahihishie ankara. Usichague mwenyewe ile inayokufaa.

> ONYO: pima uzito dhidi ya ujazo
> Lita moja ya zebaki ina uzito wa takriban kilo 13.5. Chupa ya chuma inayotumika kimataifa kuisafirisha hubeba kilo 34.5, nayo haina ukubwa wa kushangaza. Chombo kidogo kilichoandikwa "chumvi ya maabara" kikiwa kizito kuliko unavyotarajia, hasa kama kilichomo kinatikisika kama kimiminika, usikifungue. Mjulishe ofisa wa forodha na uombe wataalamu wa kemikali wakikague. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na zebaki ikimwagika ndani ya ndege hula aluminiamu.

Hatua ya 2: Tenganisha metali na kampaundi

Hili ndilo kosa linalofanyika kuliko yote, kwa sababu mtu akisikia "zebaki" hufikiri ni kitu kimoja.

- Metali ya zebaki, ile nyeupe inayong'aa na kutiririka, ni 2805.40.
- Kampaundi za zebaki, ziwe za kikaboni au zisizo za kikaboni, ni 2852.

Zebaki inayoelekea kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita au Chunya ni metali. Ikitamkwa chini ya 2852 kama "chumvi", imepotezwa kwenye takwimu na kukwepeshwa masharti yake. Vivyo hivyo, salfeti ya zebaki ya maabara ya maji ikiandikwa 2805.40, umeutangazia ulimwengu kwamba nchi imeingiza metali ambayo haikuingia.

Hatua ya 3: Ondoa amalgamu

Maandishi ya 2852 yenyewe yanasema wazi kwamba amalgamu hazimo. Amalgamu ni metali iliyoyeyushwa ndani ya zebaki, si kampaundi. Zigawe hivi:

- Amalgamu za madini ya thamani kama dhahabu na fedha: 2843.90
- Amalgamu za metali nyingine: 2853.90
- Dawa ya kuziba meno, ikiwemo ile ya kapsuli yenye unga wa metali na zebaki: 3006.40

Tonge la dhahabu na zebaki kutoka kwa wachimbaji, kabla halijachomwa, ni amalgamu ya dhahabu. Likishachomwa na zebaki kuondoka, kinachobaki ni dhahabu ya Sura ya 71. Ukisafirisha sampuli kwenda maabara ya nje, eleza iko katika hali ipi.

Hatua ya 4: Tenganisha kampaundi na mchanganyiko uliotengenezwa

Kampaundi tupu hubaki 2852. Kitu kilichotengenezwa kwa kuchanganya viambato kwa kazi maalumu huenda kwenye namba ya kazi hiyo. Ili ujue mpaka uko wapi, soma Maelezo ya 1 ya Sura ya 28. Kemikali haitoki kwenye sura hiyo kwa sababu tu:

1. ina uchafu kidogo uliobaki kutoka kiwandani;
2. imeyeyushwa katika maji;
3. imeyeyushwa katika kiyeyushi kingine kwa ajili ya usalama au usafirishaji, bila kuifanya ifae kazi moja maalumu;
4. imetiwa kiasi cha lazima cha kitu cha kuizuia isiharibike au isigande;
5. imetiwa rangi au kizuia vumbi kwa ajili ya usalama au utambuzi.

Ikivuka mipaka hiyo, itafute mahali pengine. Mfano mzuri uko kwenye maabara za kupima maji taka. Chupa ya gramu 500 ya salfeti ya zebaki ni kampaundi. Lakini vile vichupa vidogo vilivyojazwa tayari kwa kipimo cha mahitaji ya oksijeni ya kikemikali, vyenye asidi, dikromati ya potasiamu na salfeti ya zebaki kwa vipimo maalumu, ni kitendanishi kilichotengenezwa: 3822.

Hatua ya 5: Chagua kati ya 2852.10 na 2852.90

Sasa jiulize kama kampaundi yako ina muundo wa kikemikali uliobainishwa, yaani fomula moja inayojulikana.

- 2852.10 ni ya kampaundi zenye muundo uliobainishwa. Maelezo ya vijinamba ya Sura ya 28 yanasema kipimo chake ni Maelezo ya 1 ya Sura ya 28 au Maelezo ya 1 ya Sura ya 29. Humu mnaingia HgCl2, HgO, HgSO4, naitreti, salfidi ya kutengenezwa, thiomesali, asetati ya fenili ya zebaki, hata fulmineti ya zebaki.
- 2852.90 ni ya zisizo na muundo mmoja uliobainishwa, kama zebaki iliyofungamanishwa na protini au na tanini.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, karibu kila chupa itaangukia 2852.10. Ukijikuta unaandika 2852.90, uwe na maelezo ya mtengenezaji yanayothibitisha hivyo. Usiitumie kama kapu la "nyinginezo" kwa sababu umeshindwa kusoma fomula.

Usishangae kuona kampaundi ya kikaboni ndani ya Sura ya 28, ambayo kwa kawaida ni ya kemikali zisizo za kikaboni. Maandishi ya 2852 yamezitaja zote mbili kwa makusudi, na Kanuni ya 1 ya tafsiri inakutaka ufuate maandishi ya namba na maelezo ya sura, si mazoea.

Hatua ya 6: Tumia kanuni ya kipaumbele

Maelezo ya 1(B) ya Sehemu ya VI yanaipa 2852 nguvu ya pekee: bidhaa inayolingana na maelezo yake huainishwa hapo na si kwenye namba nyingine yoyote ya Sehemu hiyo. Maelezo ya 2, yanayopeleka bidhaa zilizofungashwa kwa rejareja kwenye namba kama 3004 au 3808, yanaanza kwa kusema yanatii Maelezo ya 1.

Maana yake kwako ni hii: thiomesali safi haigeuki kuwa dawa kwa sababu imewekwa kwenye kichupa cha gramu 25 chenye lebo ya duka la dawa. Inabaki 2852.10. Ufungashaji haubadilishi kampaundi.

Kipaumbele hiki kina mipaka miwili. Kwanza, kinafanya kazi ndani ya Sehemu ya VI tu. Pili, kinahusu bidhaa ambayo yenyewe ni kampaundi ya zebaki, si kila kitu chenye chembe zake. Chanjo ya binadamu iliyohifadhiwa kwa thiomesali inabaki chanjo, 3002.41.

Hatua ya 7: Hakiki dhidi ya jedwali

| Bidhaa | Namba | Angalia |
|---|---|---|
| Madini ya sinabari kutoka mgodini | 2617.90 | Ni mbale ya zebaki, si kemikali |
| Salfidi ya zebaki ya kutengenezwa | 2852.10 | Hata ikiuzwa kama rangi nyekundu, ikiwa ni tupu |
| Kiuatilifu kilichotengenezwa chenye kampaundi za zebaki | 3808.59 | Uingizaji hauruhusiwi. Soma sehemu ya makatazo |
| Krimu ya ngozi yenye zebaki | 3304.99 | Imekatazwa |
| Sabuni ya kuogea yenye zebaki | 3401.11 | Imekatazwa |
| Betri za oksidi ya zebaki | 8506.30 | Ni kifaa, si kampaundi |
| Taa za mvuke wa zebaki | 8539.32 | Taa za florisenti ni 8539.31 |
| Kipimajoto cha kioo chenye zebaki | 9025.11 | Kinasomwa moja kwa moja |
| Mashine ya presha yenye zebaki | 9018.90 | |
| Mabaki ya vifaa vya umeme vyenye zebaki | 8549 | Ni taka. Yana masharti yake |

Katika Ushuru wa Pamoja, tarakimu mbili za mwisho za kampaundi hizi ni 00, kwa hiyo utaandika 2852.10.00 kwenye tamko lako. Hakikisha pia toleo unalotumia bado ndilo linalotumika. Toleo jipya la HS limepangwa kuanza tarehe 1 Januari 2028.

Hatua ya 8: Unganisha namba na kibali

Namba sahihi haitoshi. Inakuelekeza tu mlango wa kugonga. Tanzania Bara:

- Kemikali za viwandani na maabara: Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali (GCLA). Unahitaji usajili kwanza, kisha kibali cha mzigo.
- Dawa, chanjo na vifaa tiba: TMDA.
- Viuatilifu: TPHPA.
- Vipodozi na ubora wa bidhaa: TBS.
- Taka zenye zebaki: NEMC na wizara inayosimamia mazingira.

Kenya na Uganda kila moja ina NEMA yake kwa mambo ya mazingira. Viwango vya bidhaa vinasimamiwa na KEBS kule Kenya na UNBS kule Uganda. Omba kibali kabla mzigo haujapakiwa huko utokako. Kontena likishafika bandarini bila kibali, gharama za kuhifadhi zinaanza kukimbia na nguvu yako ya kujadiliana inapungua kila siku.

> MAKATAZO: usiagize kabisa
> Jedwali la Pili la Sheria ya Usimamizi wa Forodha linakataza kuingiza sabuni na vipodozi vyenye zebaki. Linazitaja pia kampaundi za zebaki katika orodha ya kemikali za kilimo zilizokatazwa. Kuainisha kwa usahihi hakuhalalishi bidhaa iliyokatazwa. Ukigundua zebaki kwenye SDS ya krimu, kazi yako si kutafuta namba bali kusitisha oda.

Ikiwa unasafirisha kwenda nje

Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki ulipitishwa nchini Japani mwezi Oktoba 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa msafirishaji, Ibara ya 3 ndiyo yenye kazi kubwa:

1. Pima kiwango. Kwa madhumuni ya ibara hiyo, "zebaki" ni metali, pamoja na michanganyiko na aloi zake zenye angalau asilimia 95 ya zebaki kwa uzito.
2. Pata ridhaa ya maandishi ya nchi inayopokea kabla ya kusafirisha, hata kama nchi hiyo ni mwanachama. Matumizi yawe yale yanayoruhusiwa na mkataba, au hifadhi ya muda iliyo salama kwa mazingira.
3. Kwa nchi isiyo mwanachama, pamoja na ridhaa hiyo unahitaji uthibitisho kwamba ina hatua za kulinda afya na mazingira, na kwamba zebaki itatumika kwa yanayoruhusiwa tu.
4. Ukiingiza kutoka nchi isiyo mwanachama, nchi hiyo ithibitishe kwamba zebaki haikutoka kwenye migodi ya zebaki wala kwenye viwanda vya klorini vilivyofungwa.
5. Kwa kampaundi, fahamu kwamba ibara hiyo imetaja hasa kloridi ya zebaki (I), yaani kalomeli, oksidi ya zebaki (II), salfeti ya zebaki (II), naitreti ya zebaki (II), sinabari na salfidi ya zebaki. Utaratibu wa ridhaa umeandikwa kwa ajili ya metali, lakini sheria za nchi unakopeleka zaweza kuwa kali zaidi. Mwombe mnunuzi akutumie kibali cha nchi yake kwa maandishi.
6. Kwa taka, Mkataba wa Basel unakutaka upate idhini ya nchi inayopokea na ya kila nchi mzigo unayopitia. Usiite taka "malighafi" ili kuharakisha safari yake.

Ridhaa hiyo hutolewa na serikali kwa serikali. Barua ya mnunuzi pekee haitoshi.

Mifano miwili ya kufanyia mazoezi

*Maabara ya maji, Mwanza.* Ankara ina mistari mitatu: salfeti ya zebaki gramu 500, vichupa tayari vya kupima maji taka boksi 4, na vipimajoto vya zebaki 10. Wakala mwenye haraka angeviweka vyote chini ya "vifaa vya maabara". Tenganisha: mstari wa kwanza ni 2852.10, wa pili 3822, wa tatu 9025.11. Gawanya thamani na uzito kwa kila mstari. Kwa vipimajoto, mwambie mnunuzi kwamba Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviingiza, isipokuwa kwa misamaha, na vya kielektroniki vinapatikana.

*Mtengenezaji wa dawa za mifugo.* Ankara kutoka nje inaonyesha thiomesali kilo 1 chini ya 2931. Hiyo ni namba ya zamani, kutoka wakati kampaundi za kikaboni za zebaki zilipokaa huko. Usiinakili. Kemikali yenye CAS 54-64-8 ina fomula moja inayojulikana, kwa hiyo ni 2852.10. Mwombe muuzaji arekebishe ankara, na uhifadhi barua yake ya marekebisho kwenye faili.

Makosa yanayojirudia

- Kunakili namba ya muuzaji yote. Tarakimu sita za kwanza ni za wote. Zinazofuata ni za nchi yake, si zako. Na hata hizo sita zihakiki, kwa maana muuzaji hatasimama nawe mbele ya ofisa.
- Kutumia namba za kabla ya 2007. Ukiona 2825.90 kwa oksidi ya zebaki, 2827.39 kwa kloridi, 2833.29 kwa salfeti au 2834.29 kwa naitreti, ujue umeshika orodha ya zamani.
- Kuandika maelezo mafupi mno. "Chumvi" au "kitendanishi" si maelezo. Andika jina la kemikali, fomula, CAS, usafi na matumizi.
- Kuchanganya kloridi mbili. Kalomeli, Hg2Cl2, na kloridi ya zebaki (II), HgCl2, zote ni 2852.10. Lakini ya pili ni sumu kali zaidi, na masharti ya usafirishaji ni tofauti. Namba moja isikufanye uzifungashe pamoja.
- Kuamini kwamba namba hufichua sumu yote. Mbegu zilizopakwa dawa ya zebaki zinaainishwa kama mbegu. Ndiyo maana unasoma SDS hata pale namba inapoonekana haina hatari.

Ukiwa na shaka, au ofisa akikukatalia

1. Omba uamuzi wa awali wa uainishaji kutoka mamlaka ya mapato kabla ya kuagiza. Ambatisha SDS, cheti cha uchambuzi na hoja yako ukitaja maelezo ya sehemu na sura.
2. Mzigo ukishafika na mkatofautiana, eleza hoja yako kwa maandishi. Omba sampuli ipimwe kwenye maabara ya serikali, na ichukuliwe na wataalamu wenye vifaa vya kujikinga.
3. Usiporidhika na uamuzi, mwandikie Kamishna ndani ya siku 30 ukiomba aupitie upya, kama kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha kinavyoruhusu. Ukiendelea kutoridhika, unaweza kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za kodi.
4. Ukigundua mwenyewe kwamba tamko ulilokwisha kuwasilisha lina kosa, liripoti kabla hujaulizwa. Forodha inaweza kudai ushuru uliopungua hadi miaka 5 baadaye, na hesabu zako zaweza kukaguliwa muda wote huo. Hifadhi faili zima kwa kipindi hicho.

> ORODHA YA MWISHO: weka alama kabla ya kutia saini
> ☐ Nimethibitisha kama ni metali, kampaundi, amalgamu, mchanganyiko au kifaa
> ☐ CAS ya ankara, SDS na lebo zinafanana
> ☐ Nimesoma Maelezo ya 1 ya Sura ya 28 na Maelezo ya 1 ya Sehemu ya VI
> ☐ Nimechagua 2852.10 au 2852.90 kwa ushahidi
> ☐ Kila bidhaa ina mstari wake, thamani yake na uzito wake
> ☐ Bidhaa haimo kwenye Jedwali la Pili
> ☐ Kibali kimetoka na jina lililomo ni lilelile la kwenye ankara
> ☐ Kwa metali inayokwenda nje, ridhaa ya nchi inayopokea iko mkononi
> ☐ Namba ya UN na lebo za hatari ziko kwenye kifungashio
> ☐ Dereva na mtunza stoo wamepewa SDS na wameelezwa kwa lugha wanayoielewa

Alama hiyo ya mwisho haimo kwenye fomu yoyote ya forodha, lakini usiiruke. Wanaobeba chupa, wanaofungua boksi na wanaofagia stoo hawasomi msimbo wa tarakimu nane. Wewe uliyeuandika ndiye unayeijua hatari ya kilichomo, kwa hiyo ni wajibu wako kuwaambia.